Herufi Moja Juu ya Kilima cha Sim

Jiwe la kaburi halipigwi picha saa sita mchana. Jua likiwa la utosi, herufi zilizochongwa hujifuta, na mama aliye mbali kilomita mia saba hupelekewa picha ya bamba tupu. Hupigwa asubuhi au alasiri, mwanga ukija kwa ubavu, ili kila mchongo upate kivuli chake. Katika miezi ya mvua, ambapo hapa Quảng Trị jua laweza kukosekana majuma matatu mfululizo, mimi hutumia sinia la bati. Nalisugua kwa majivu mpaka ling'ae, nalisimamisha kushoto mwa jiwe, nalo hukusanya ule mwanga mchache ulioko na kuumwaga juu ya maandishi. Kabla ya hapo nimekwisha kuliosha jiwe na kulipangusa kwa kitambaa cha pamba, nimewasha vijiti vitatu vya ubani, na nimemwambia mwenye kaburi mimi ni nani na picha yake naipeleka kwa nani. Simpigi mtu picha bila kumwomba ruhusa, awe hai au awe amekufa.

Kazi hiyo niliianza nilipostaafu ualimu. Jamaa za mashujaa, yaani askari waliokufa vitani, huniandikia kutoka kaskazini, wengi wao wazee wasioweza tena safari ya treni, nami hupanda Kilima cha Sim, palipo makaburi yao, na kamera yangu, nikalitafuta jina, nikalipiga picha, nikaituma pamoja na karatasi yenye namba ya safu na namba ya kaburi. Picha huwekwa juu ya madhabahu ya nyumbani, kando ya bakuli la ubani. Kwa wengi hilo ndilo kaburi watakalolijua.

Makaburi yale nayajua kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1972 nilikuwa karani wa kituo cha upasuaji kilichochimbwa chini ya ardhi, mwendo wa saa mbili kutoka kilimani. Majeruhi wakiletwa kwa machela, kabla daktari hajawagusa, mimi niliinama na daftari nikauliza: jina, kijiji, mwaka wa kuzaliwa, tarehe ya kuingia jeshini. Waliokufa tuliwazika nyuma ya kituo, na baada ya vita mifupa yao ikahamishiwa kilimani, mawe yakachongwa kwa kufuata daftari langu. Katika makaburi mengine ya nchi hii utakuta mawe kwa mamia yaliyoandikwa kwamba jina halijajulikana. Katika watu wangu mia sita na kumi na wawili, wasio na jina ni kumi na tisa tu. Hesabu hiyo niliitaja mbele ya wanafunzi, niliitaja harusini kwa watu, na wajukuu zangu wote saba, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuniletea aibu shuleni, wameijua tangu wakiwa wadogo. Niliitaja kwa sababu niliiamini.

Asubuhi moja ya Novemba 2004 nilipanda kilimani nikiwa na barua nne za kujibu. Manyunyu yalikuwa yameanza tangu juzi yake na hayakuonyesha nia ya kukoma. Mlinzi wa makaburi, Mzee Chắt, mtu wa hapa hapa aliyewahi kuwa mbebaji wa mchele wakati wa vita, alinipokea kwenye mlango wa kibanda chake.

"Mwalimu, una mgeni," alisema. "Amefika tangu saa moja. Nimempa kiti, hakai. Nimempa chai, hanywi. Nimemuuliza jina, ananitazama."

Ndani alikuwa amesimama mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, koti lake la mvua la plastiki likichuruzika maji sakafuni. Aliniinamia kwa adabu, kisha akatoa kifuani karatasi iliyofungwa katika mfuko wa nailoni na kunikabidhi kwa mikono miwili. Ilikuwa na muhuri wa serikali ya kijiji. *Bùi Văn Ninh, amezaliwa 1951, kijiji cha Nại Đông, mkoa wa Hải Dương. Amejiunga na jeshi Mei 1971. Amekufa upande wa kusini mwaka 1972.* Mwandiko wa karani wa kijiji niliukumbuka, na jina la mwombaji pia.

"Wewe ni Bi. Thoa," nilimwambia. "Umeniandikia mara tatu, nami nimekujibu mara tatu. Kaka yako hayupo hapa."

Alitikisa kichwa kukubali. Akachukua kalamu mfukoni mwangu, kwa heshima lakini bila kusubiri, akaandika nyuma ya bahasha aliyokuwa nayo: *Mama ana miaka themanini na mitatu na hainuki tena kitandani. Hajui siku aliyokufa mwanawe. Ameniambia nije nitazame kwa macho yangu, kisha nirudi.*

Hapo nilielewa uzito wa safari yake, kwa maana hakuna mtu wa nchi hii asiyeuelewa. Mfu huandaliwa chakula kila mwaka katika siku aliyokufa. Asiyejulikana siku yake hukaribishwa siku yoyote, na mtu anayekaribishwa siku yoyote hana uhakika kama amekaribishwa. Kwa miaka thelathini na miwili yule mama alikuwa amemwandalia mwanawe katika siku aliyoondoka nyumbani, yaani siku ambayo alikuwa mzima.

"Ni bubu?" Mzee Chắt aliniuliza kwa sauti ya chini, ambayo kwake si ya chini sana.

"Si bubu," mwanamke akasema, na uso wake ukaiva.

Kwa maneno hayo mawili tu, alivyoyatamka kwa lugha yetu, nilimtambua ni wa wapi. Katika vijiji vya ukanda ule wa Mto Luộc watu huzibadilishana herufi mbili, L na N. Penye N huweka L, na penye L huweka N. Ukiwapa maji, ambayo sisi huyaita *nước*, wao hushukuru kwa kupewa *lước*. Nchi nzima huwacheka. Baadaye Bi. Thoa alinisimulia kwamba katika ofisi moja aliyokwenda kuuliza, bwana mmoja aliwaita wenzake watatu waje wamsikie akilitamka jina la kaka yake, na tangu siku hiyo hakulitamka tena mbele ya mtu mwenye kalamu. Huonyesha karatasi. Maneno yake nayaandika hapa kwa herufi zilizo sahihi, isipokuwa pale ambapo kosa lenyewe ndilo habari.

Nilimwambia kwamba nina kazi ya mawe manne, na kwamba nikimaliza nitapita naye safu zote aridhike. Alichukua lile sinia la bati akalibeba bila kuagizwa. Mzee Chắt akafuata na mwavuli, ambao aliushikilia juu ya kamera na si juu ya mtu yeyote kati yetu.

Nilipiga picha jiwe la kwanza na la pili. Nilikuwa nimepiga magoti, nikisubiri upepo utulie ili matone yasipige lenzi, niliposikia Mzee Chắt akianza uchokozi wake.

"Dada, unajua kwa nini Mwalimu anapenda kupiga picha mawe? Kwa sababu mawe hayafumbi macho. Alipiga picha harusi ya binti yangu, watu wote wakatoka kama wamelala."

Bi. Thoa aliuma mdomo asicheke, sinia likatikisika kidogo mkononi mwake.

"Shika sawa," nikasema.

"Umeona? Hata wewe anakufundisha kushika sinia," Mzee Chắt aliendelea. "Hapa usione haya, dada. Watu wa kwenu wakinisikia mimi nikizungumza wanadhani nagombana na kuku. Mke wa Mwalimu ni wa kijiji changu. Miaka mitatu ya kwanza ya ndoa Mwalimu alikuwa anaitikia tu 'naam, naam' bila kujua ameambiwa nini. Ndiyo maana wana watoto watano."

Yule mwanamke alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka kama chafya. Mzee Chắt akamsogelea.

"Haya, niambie mimi. Mimi sina kalamu. Kaka yako alikuwa anaitwa nani?"

"Linh," alisema. "Bùi Văn Linh. Wa Lại Đông."

"Ah. Sasa mbona mnahangaika? Huyo yupo. Safu ya saba, wa nne kutoka kwenye msonobari uliopigwa na radi. Kila mwaka naipaka rangi nyota yake."

Nilisimama, magoti yangu yakiwa na udongo mwekundu, nikawaambia wote wawili wasubiri. Nilieleza, kwa utaratibu kama ninavyoeleza kila jambo, kwamba aliyelala safu ya saba ni Bùi Văn Linh, kwa herufi L, wa kijiji cha Lại Đông, kwa herufi L pia, ambacho ni kijiji kingine katika wilaya nyingine. Kwamba anayetafutwa ni Ninh wa Nại Đông. Na kwamba matamshi hayabadilishi maandishi.

"Mwalimu," Mzee Chắt alisema, "wewe unasoma. Mimi nasikia. Dada huyu amesema Linh, na mimi nina Linh."

"Bwana Chắt, usimpe mtu matumaini ya bure juu ya makaburi."

Lakini Bi. Thoa alikuwa ameshaweka sinia chini, na alikuwa akienda kati ya mawe kwa mwendo wa mtu anayejizuia kukimbia. Tulipomfikia alikuwa amechutama mbele ya jiwe, akisoma kwa kidole. Alizaliwa 1951. Aliingia jeshini Mei 1971. Alijitoa mhanga tarehe 14 Agosti 1972. Kidole kikarudi juu, kwenye herufi ya kwanza ya jina, kikatulia pale.

"Wengi walizaliwa mwaka huo," nilisema. "Na mwezi wa tano wa mwaka sabini na moja waliandikishwa maelfu."

Hakugeuka. "Huyu wa Lại Đông nyingine, kwao walikuja kumtazama?"

Swali lilikuwa la haki, nami jibu nilikuwa nalo. Taarifa ya kifo cha Bùi Văn Linh ilipelekwa Lại Đông mwaka 1978, ikarudi ikiwa na maandishi ya mwenyekiti wa kijiji: hapa hakuna ukoo wa Bùi. Ililetwa kwangu, mwenye daftari. Wakati ule nilisema kwamba vita vimetawanya watu, nikaiweka katika jalada.

"Hawakuja," nilisema.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Mzee Chắt aliniangalia, kisha akaangalia pembeni. Mvua ilikuwa imeanza kuwa nzito. Nilimwambia Bi. Thoa kwamba hata hivyo kuna jambo moja linalozuia. Kama kaka yake angetaja jina lake kwa matamshi ya kwao, angesema Linh. Na mimi, niliyekuwa nikiijua kasoro hiyo ya watu wa Mto Luộc, ningeligeuza na kuandika Ninh. Nilikuwa na kanuni. Kila mtu wa wilaya zile aliyeletwa kituoni, alichokisema kwa L nilikiandika kwa N, na alichokisema kwa N nilikiandika kwa L. Ndivyo nilivyohakikisha kwamba majina yao yameandikwa kama wazazi wao walivyokusudia. Ili jiwe hili liandikwe Linh, mtu huyu alipaswa kuniambia "Ninh", wazi kabisa. Na mtu wa Nại Đông hawezi.

Bi. Thoa alipitisha kidole tena juu ya ile herufi. Kisha akasema, akiwa bado ameliangalia jiwe:

"Yeye aliweza."

"Aliweza vipi?"

"Alijifunza. Alipopata karatasi ya kuitwa jeshini alisema hawezi kwenda kuchekwa na watu wa mikoa yote. Kulikuwa na mwalimu wa masomo ya jioni, akamfundisha njia. Alimwambia: bana pua, halafu sema jina lako. Likitoka vizuri ujue umekosea. Likikwama, umepatia. Basi kila alfajiri alisimama kando ya bwawa la bata, amebana pua, aiachie, abane tena. Miezi miwili. Bata walikuwa wanamjibu. Mimi na dada zangu tulicheka mpaka tukaumwa mbavu. Siku anaondoka alijitambulisha kwa ofisa wa jeshi kama mtu wa redioni. Bùi Văn Ninh, wa Nại Đông."

Majina hayo mawili aliyasema mwenyewe kwa N, polepole, akiinua mkono nusu ya njia kuelekea puani, kisha akauteremsha kwa aibu.

Njia ile ni ya kweli. Nami niliitumia darasani. Sauti ya N hupitia puani, na pua ikibanwa hufa. Ya L haina haja ya pua. Lakini halikuwa darasa nililolikumbuka niliposimama pale.

Nilikumbuka taa ya mafuta na ukuta wa udongo unaotoa jasho. Nilikumbuka kijana mmoja aliyejeruhiwa tumboni, mmoja kati ya ishirini na tatu walioletwa siku ile. Alitaja jina lake nikaandika. Alikuwa anajua kusoma. Aliinua kichwa akalitazama daftari, akatikisa kichwa kukataa. Kisha akainua mkono akabana pua, akafungua kinywa bila kutoa sauti, akaachia, akasema jina tena. Akabana tena. Nilidhani analalamikia harufu, maana kituoni harufu ilikuwa kali. Nikamwambia: "Kaka, harufu hii sote tunaivumilia." Muuguzi alicheka, si kwa ubaya. Nikahamia machela iliyofuata. Sura yake siwezi kuikumbuka, na siwezi kuapa kwamba tarehe ilikuwa kumi na nne. Ila kwamba mtu mmoja alibana pua yake mbele yangu, nami nikamjibu hivyo, hilo naapa.

"Bi. Thoa," nilisema, "kaka yako ni huyu. Jina lake alinitajia kwa usahihi. Nililiharibu mimi."

Nilitarajia alie, au anitukane, na nilikuwa nimejiandaa kuyapokea yote mawili. Aliinuka, akajifuta uso kwa kiganja, akaniuliza:

"Mwalimu, na tarehe? Tarehe ni ya kweli?"

"Tarehe ni ya kweli. Tarehe niliiandika kwa kalenda, sikuiandika kwa sikio."

"Kwa hesabu ya mwezi mwandamo ni siku gani?"

Nilihesabu. "Siku ya sita ya mwezi wa saba."

Aliirudia mara tatu, kama mtu anayetumwa dukani. Kisha akasema, "Basi tupige picha."

Mzee Chắt alitoka kimya kimya akarudi na kopo la rangi ya dhahabu na brashi yake ya kila mwaka. Alinivuta kando.

"Mwalimu, herufi hiyo, ya jina na ya kijiji, ni kazi ya dakika mbili. Kijiti kimoja cha mshazari, kingine cha kusimama. Picha ikifika kwa yule bibi, imefika sawa."

"Sijawahi kupiga picha ya uongo, Bwana Chắt."

"Uongo uko juu ya jiwe tayari. Mimi nataka kuutoa."

Nilisema tu kwamba jiwe la shujaa halibadilishwi kwa brashi, hubadilishwa kwa sahihi, na sahihi inayotakiwa ni yangu. Aliniambia kwamba sahihi yangu itachukua miezi na bibi mgonjwa hahesabiwi kwa miezi. Bi. Thoa, aliyekuwa akitusikia, ndiye aliyetukatiza.

"Baba, weka rangi yako. Mama hajui kusoma."

Basi niliosha jiwe. Niliwasha ubani, ambao kwa mvua ile ulikataa mara mbili. Nilipofika mahali pa kumwambia mwenye kaburi mimi ni nani, niliyaacha maneno niliyoyasema maelfu ya mara. Nilimwambia jina langu na cheo nilichokuwa nacho mwaka ule. Nilimwita Ninh. Kisha nikapiga picha tatu za jiwe lile lile, jambo ambalo sina desturi nalo.

Mzee Chắt aliwasha sigara akaisimamisha juu ya udongo, kama tunavyowafanyia askari. Bi. Thoa akafungua kifurushi chake: wali wa kunata, kipande cha samaki mkavu, na majani ya chai kutoka kwao. Alivipanga mbele ya jiwe, akaketi kwenye tope, akaanza kuzungumza na kaka yake. Alizungumza kwa sauti ya juu, kwa lugha ya Mto Luộc isiyopigwa pasi, L na N zikipishana kama watu sokoni, na hakujali kwamba nilikuwa nimesimama hapo na kalamu mfukoni. Alimwambia nani amekufa na nani ameoa. Alimwambia bwawa la bata limefukiwa. Na kila alipomwita, alimwita Linh.

Nilikwenda kukaa kibandani.

Picha nilizisafisha siku ile ile, nikampa bora kati ya zile tatu akaondoka nayo na treni ya jioni. Kesho yake nililitoa daftari. Watu wa wilaya za Mto Luộc walikuwa themanini na wanane, na kati yao wenye L au N mwanzoni mwa jina au kijiji walikuwa arobaini na watatu. Nilikaa nao mezani siku mbili. Ninachotaka kieleweke ni kwamba kanuni yangu haikuwa ya kijinga. Wengi wa vijana wale walitamka kama walivyotamka kwao, na hao niliwaandika sawa. Lakini kama mmoja alijifunza, wengine nao waliweza kujifunza. Wengine walikaa jeshini miaka minne na watu wa Hà Nội, wakachekwa, wakajirekebisha. Nani alirekebishika na nani hakurekebishika, daftari halisemi. Nilikuwa na mwandiko mzuri sana. Jina nililoliharibu na jina nililoliokoa yanafanana kabisa.

Niliandika maelezo ya kurasa nne nikayapeleka kwenye ofisi inayohusika na mashujaa. Kijana aliyenipokea aliyasoma yote, kwa heshima, kisha akauliza:

"Mzee, haya makosa ni mangapi?"

"Sijui."

"Lazima nijaze idadi hapa."

"Jaza kwamba karani hajui."

"Mzee wangu, kisanduku kinataka namba."

Nilichukua kalamu yake nikaandika arobaini na tatu, nikamwambia kwamba huo ndio mwisho wa uwezo wangu. Tangu hapo nimewapiga picha wote arobaini na watatu, mmoja mmoja, na kila picha nimeituma katika kijiji kilichoandikwa, na pale ambapo huenda nilikosea kijiji chenyewe, katika kile kingine pia. Hadi leo nimejibiwa na vijiji vitano. Majina mawili yalikuwa sahihi. Moja halikuwa. Vijiji viwili vinasema waliokuwa wakijua wamekufa.

Barua ya Bi. Thoa ilifika kabla ya mwaka mpya wa mwezi mwandamo. Aliandika kwamba alifika nyumbani mama yake akiwa bado na fahamu. Walimwinua kwa mito, wakampa picha, na kwa kuwa hajui kusoma, kitukuu wake wa darasa la pili akamsomea maandishi ya jiwe kwa sauti. Mtoto alisoma alichokiona, bila kubadilisha kitu: Bùi Văn Linh, wa Lại Đông. Na kwa kuwa hilo ndilo jina ambalo kijiji kizima kimeliita tangu siku lilipotolewa, hakuna aliyeona kosa. Yule mama alisema: "Ndiye." Alitaka arudiwe tarehe. Kisha akauliza nani aliyeandika vizuri hivyo, ilhali watu wa kusini hawamjui mwanawe, na wakamwambia ni Mwalimu. Akasema waniandikie kunishukuru.

Mwisho wa barua Bi. Thoa aliongeza kwa mwandiko mdogo zaidi: *Mwalimu, najua utalirekebisha jiwe, na kaka angetaka hivyo. Ukilirekebisha, tafadhali usitutumie picha mpya wakati mama yuko hai. Mtoto ataisoma, na mama ataambiwa kwamba pale kuna mtu mwingine.*

Jiwe lilibadilishwa mwezi wa tatu. Fundi alilichonga upya lote, kwa sababu L haiwezi kufanywa N bila kuonekana kiraka. Siku hiyo kulikuwa na jua, nami nilisubiri mpaka saa kumi, nikapiga mara moja. Herufi zote zimesimama. Hata nukta ndogo chini ya Nại imeonekana wazi. Picha niliiweka katika bahasha, nikaandika anwani ya Nại Đông, nikabandika stempu, nikaifungia katika saraka ya meza.

Bi. Thoa huniandikia kila baada ya miezi miwili au mitatu. Huanza kwa kuniambia mama anaendeleaje. Kila inapoletwa barua yenye muhuri wa posta ya kwao, naiweka kwanza juu ya meza, navaa miwani, nanawa mikono, na nachelewa kuifungua, kwa sababu siku moja itakuwa ndiyo inayoniruhusu kuituma ile bahasha.